Mbegu ya Kuku na Nyumba ya Kuku: Lipi Hulifanya Yai Kuwa Jema?

 Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya yai la kuku.

Wazee wetu wana mithali isemayo: Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Mithali hii hutumika kumweleza mtu ambaye kila alitendalo huharibika, hata akaona ya kuwa bahati imemkataa. Lakini tukiitazama kwa macho ya mfugaji, tutaona jambo jingine. Si umaskini uliomzuia kuku yule asitage, wala si bahati mbaya iliyomleta mwewe. Kuku yule hakuwa na nyumba, na hakuwa na mtu wa kumwangalia.

Kuku si mgeni katika nchi yetu. Stanley alipomkuta Dr. Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, aliandika katika kitabu chake ya kuwa siku ile wakubwa wa mji waliwaletea vyakula, na mmoja wao, Muhammad bin Sali, alileta kuku wa mchuzi wa bizari. Basi kuku wa Ujiji wamewakirimu wageni kwa muda wa zaidi ya miaka 150. Walakini kumla kuku ni jambo moja, na kupata mayai mema kwake ni jambo jingine.

Mtazameni mnunuzi wa mayai sokoni. Hulishika yai, hulitikisa sikioni, huliinua juani, kisha huuliza, “Mama, haya ni ya lini?” Huuliza hivyo kwa sababu amekwisha kuvunja viza jikoni kwake, akatupa mboga yote pamoja na mafuta. Mtu aliyeuziwa viza mara moja harudi kudai fedha yake; huenda tu kwa mwuzaji mwingine. Hasara hii humwangukia hasa mama wa nyumba, maana aghalabu fedha ya mayai ni fedha yake mwenyewe. Ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na daftari la mtoto pasipo kumwomba mtu.

Watu wengi hudhani ya kuwa dawa ya mambo haya ni kununua kuku wa mbegu ya kigeni. Husema, “Kuku wetu ni wadogo, mayai yao ni madogo, hawafai kitu.” Basi huuza mbuzi, hununua majogoo na mitetea kutoka mbali, kisha huwalaza katika jiko lile lile lenye moshi, au chini ya ghala lile lile lenye unyevu. Baada ya miezi michache mbuzi hayupo na kuku hawapo. Kwa hiyo yatupasa tujue vema kazi ya mbegu ni nini, na kazi ya nyumba ni nini.

Kwanza tuulize, yai jema ni lipi? Yai jema lina ganda gumu, safi, lisilo na ufa. Ukilivunja katika sahani, kiini husimama kama kilima kidogo, na ute mzito hukizunguka bila kutawanyika. Halina harufu. Yai lililokaa sana, au lililopata joto, huonekana mara moja: ute wake ni kama maji, hukimbilia ukingo wa sahani, na kiini hulala chapa, pengine hupasuka. Mwaka 1937 Mmarekani mmoja jina lake Raymond Haugh alitoa hesabu ya kupima wema wa yai kwa kulinganisha urefu wa ute na uzito wa yai, na hesabu hiyo yatumika duniani hata leo. Lakini mama mwenye sahani na macho mazuri aweza kujua habari hiyo hiyo bila hesabu.

Sasa tuitazame mbegu. Kuku wetu wa kienyeji si wa namna moja. Kuna kuchi, mrefu na mwenye nguvu. Kuna kishingo, asiye na manyoya shingoni. Kuna kidimu, mwenye manyoya yaliyopindana. Na kuna wengi wasio na jina maalumu. Yai la kuku wa kienyeji aghalabu lina uzito wa gramu 40 au zaidi kidogo, na koo mmoja hutaga kiasi cha mayai 40 hata 60 kwa mwaka, kwa kuwa hutaga kumi au kumi na matano, kisha huatamia, kisha hulea. Kuku wa mbegu za kigeni hutaga mayai ya gramu 55 hata 60, na kwa mwaka hupita 200 kama akilishwa vema. Fanyeni hesabu, enyi vijana: mayai matatu ya gramu 40 ni sawasawa na mayai mawili ya gramu 60. Kwa hiyo mnunuzi akitaka kulipa kidogo kwa yai dogo, hamdhulumu mtu.

Katika wakati wa utawala wa Waingereza zililetwa Afrika Mashariki mbegu kama Leghorn, Rhode Island Red na Light Sussex. Leghorn ni kuku mwembamba atagaye mayai meupe. Rhode Island Red ana mwili mzito na mayai yake ni ya kahawia. Siku hizi wengi katika Tanzania wanamjua kuku mweusi wamwitaye kuku wa Malawi, ambaye jina lake hasa ni Black Australorp. Mbegu yake ilitengenezwa Australia kwa kuku waliotoka Uingereza, na katika miaka ya 1920 kuku mmoja wa mbegu hiyo alitaga mayai 364 katika siku 365. Wako pia Sasso, waliotoka Ufaransa, na Kuroiler, waliotoka India. Hizi ni mbegu njema. Lakini kuku yule wa mayai 364 alilishwa kwa kipimo, akanyweshwa maji safi, akalala pakavu. Sifa ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya mtunzaji wake pia.

Tena yako mambo ambayo watu huyahesabu kuwa wema wa mbegu, na kumbe siyo. Rangi ya ganda ni kazi ya mbegu, lakini haina chakula ndani yake. Yai jeupe na yai la kahawia, kama kuku wao wamelishwa sawasawa, humlisha mtoto sawasawa. Rangi ya kiini nayo si kazi ya mbegu, bali ni kazi ya chakula. Kuku alaye majani mabichi na mahindi ya manjano hutoa kiini cha rangi iliyokoza. Kuku alaye pumba tupu hutoa kiini kilichopauka. Ndiyo sababu kuku wa kienyeji, ambaye hutembea akichuma majani na wadudu, husifiwa kwa kiini chake. Ni haki kumsifu, maana hata ukubwa wa kiini chake, ukilinganishwa na yai zima, hupita ule wa yai la kigeni. Lakini ile rangi aliiokota shambani, hakuzaliwa nayo.

Basi mbegu hupanga mambo matatu: yai litakuwa kubwa kiasi gani, ganda litakuwa la rangi gani, na mayai yatakuwa mangapi kwa mwaka. Mambo yaliyobaki, yaani usafi, ugumu, ladha, na kukaa bila kuoza, kwa sehemu kubwa yamo mikononi mwa mfugaji. Na hapo ndipo ilipo kazi ya nyumba.

Sikilizeni jinsi ganda linavyofanyika. Yai hukaa karibu saa 20 katika mahali pa kutiwa ganda ndani ya mwili wa kuku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku alalapo. Ikiwa usiku huo kicheche ananusa mlangoni, au nguchiro anachimba chini ya ukuta, au utitiri unamwuma mwilini, kuku hushtuka na kusimama mara kwa mara. Asubuhi utaona yai lenye mikunjo, au lenye ganda lisilo sawa, au pengine hutaona yai lolote. Basi mlango unaofungwa vema usiku hulinda ganda la yai pamoja na uhai wa kuku.

Joto nalo hulipunguza ganda. Kuku hana jasho; akiona joto hufungua mdomo na kuhema. Katika kuhema huko hupoteza hewa fulani iliyomo katika damu, ambayo mwili wake huihitaji kwa kujenga ganda. Kwa hiyo banda dogo la bati lisilo na madirisha, likipigwa na jua la mchana, hutoa mayai ya ganda jembamba, hata kama kuku waliomo ni wa mbegu ya thamani kuu. Kuku kishingo hustahimili joto zaidi kwa sababu shingo yake iko wazi, lakini yeye naye apenda kivuli.

Tena kuna habari ya uchafu. Ganda la yai si ukuta mzima. Lina vitundu vidogo maelfu, visivyoonekana kwa macho. Yai litokapo ni moto kama mwili wa kuku. Likipoa, vilivyomo ndani husinyaa kidogo, na hewa huvutwa kuingia kwa vile vitundu. Sasa, kama limeangukia majani makavu, litavuta hewa safi. Kama limeangukia kinyesi kibichi, litavuta pamoja na hewa vijidudu vya uozo. Yai hilo limeharibika siku ya kwanza, ijapokuwa mwenyewe hatajua mpaka siku ya kumi. Wala kuliosha hakusaidii, kwa sababu Mungu amelipaka yai utando mwembamba unaoziba vile vitundu, na maji huuondoa. Uchafu mkavu ufutwe taratibu kwa kitambaa kikavu. Yai lililochafuka sana liliwe upesi nyumbani, likiwa limepikwa likaiva, lisipelekwe sokoni.

Basi nyumba ya kuku iweje? Haihitaji saruji wala fedha nyingi. Hapa kwetu kuna miti, mianzi, matete, nyasi, na makuti ya michikichi. Chagueni mahali palipoinuka, pasipotuama maji ya mvua, maana tangu mwezi wa Novemba mpaka Aprili ardhi yetu hunyeshewa sana. Simamisheni nguzo, na sakafu iwe juu ya ardhi kiasi cha futi tatu, ya fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kianguke chini. Kinyesi hicho ni mbolea njema ya bustani. Nyumba iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, jua lisiingie sana ubavuni. Kuta ziwe na nafasi za kupitisha hewa kwa juu, na upande utokao mvua uzibwe. Paa la nyasi ni baridi kuliko paa la bati. Kwa kuku kumi yatosha nyumba ya futi tano kwa futi tano, kama mchana hutoka nje kutembea.

Ndani wekeni vijiti vya kulalia, na kila kuku apate nafasi ya shubiri moja. Kisha wekeni viota, na neno hili ndilo wengi hulisahau. Kuku kumi wapate viota viwili au vitatu, kila kimoja futi moja kwa kila upande, vyenye kivuli, chini kuliko vile vijiti vya kulalia. Viota vikiwa juu kuliko vijiti, kuku watalala humo na kuvichafua. Majani ya kiota yabadilishwe kila juma. Kuku apendaye kwenda kutaga kichakani hufanya hivyo kwa sababu nyumbani hakuona mahali pa siri. Na yai la kichakani ndilo linalokutwa baada ya siku nane, likauzwa kwa jina la yai la leo.

Wako waniulizao kama jogoo ni lazima. Kwa kupata vifaranga ni lazima. Jogoo mmoja hutosha majike kumi. Kwa kupata mayai ya kula si lazima hata kidogo, maana jike hutaga bila jogoo. Tena kuna sababu ya kumtenga. Yai lenye mbegu ya jogoo, likikaa mahali penye joto la kupita nyuzi 21 hivi, mtoto huanza kuumbika ndani yake, polepole, hata kama hakuna kuku anayeliatamia. Mchana katika mwambao wetu joto hupita kiasi hicho. Kwa hiyo yai la namna hii, likiachwa kibandani siku tano, si yai zima tena wala si kifaranga. Hiyo ndiyo asili ya viza vingi vya sokoni. Mwenye kuuza mayai ya kula na awatenge majogoo. Asiyeweza, na ayakusanye mayai mara mbili kila siku, asubuhi na alasiri, ayaweke mahali pa baridi, ncha iliyochongoka ikielekea chini. Chungu kilichozikwa nusu katika mchanga uliolowana, pembeni mwa nyumba penye kivuli, ni ghala nzuri.

Lakini ghala hilo lisiwe karibu na dagaa. Twajisifia dagaa wa Kigoma, na ni haki yetu. Ila yai hunyonya harufu kwa vile vitundu vyake. Yai lililolala juma zima karibu na gunia la dagaa, au debe la mafuta ya taa, litamchukiza mlaji.

Hapo mbegu na matunzo hukutana tena. Dagaa waliosagwa ni chakula kizuri sana kwa kuku, kwani hujenga mwili na ute. Lakini kuku wengine wa mbegu za mayai ya kahawia wamezaliwa na upungufu: miili yao haiwezi kuiondoa harufu fulani itokayo katika chakula cha samaki, nayo huingia katika kiini. Mwenye kuku wa namna hiyo ataona mayai mapya kabisa yananuka samaki. Asimlaumu mchawi wala jirani, apunguze dagaa. Kwa kuku wote, konzi moja ya dagaa kwa konzi tisa za pumba na nafaka yatosha.

Kwa ugumu wa ganda, Ziwa limetupa zawadi nyingine. Ganda la yai ni chokaa karibu yote, na chokaa hiyo iko tele katika makombe makavu ya konokono yaliyotupwa na mawimbi pwani. Yaokoteni yaliyo makavu na matupu, yapondeni mpaka yawe kama mchanga mnene, muwawekee kuku katika kifuu. Watakula kwa kadiri ya haja yao, hasa jioni, kabla ya kulala. Wala msisahau maji. Robo tatu za yai ni maji. Kuku aliyekosa maji siku nzima hana kitu cha kutaga.

Neno la mwisho juu ya nyumba ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Hakuna mbegu inayoustahimili kwa hakika. Huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, na wale wanaopona hutaga mayai yenye ganda laini na umbo baya. Chanjo yake ni tone moja la jicho, nayo hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Mwenye nyumba ya kuku huwachanja wote jioni moja, kwa kuwa wote wamo ndani. Asiye na nyumba hukimbizana nao mpaka usiku, na yule mmoja aliyekosa kushikwa ndiye atakayekufa. Kuku mgeni naye akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Basi, ikiwa ndivyo, je, tuziache mbegu za kigeni? Sivyo. Tuanze kwa utaratibu. Mwaka wa kwanza jenga nyumba, weka viota, chanja, na kusanya mayai. Kwa kuku wale wale ulio nao utaona mayai yanayopotea yamepungua. Mwaka huo huo tia alama kwa kitambaa mguuni mwa koo watagao mayai makubwa yenye ganda zuri, uwaangulishe vifaranga kwa mayai yao, wala si kwa mayai yoyote yaliyopatikana. Mwaka wa pili, ukitaka, nunua jogoo mmoja wa mbegu kubwa. Yeye atatia nusu ya damu yake katika kila kifaranga. Lakini usiwauze koo wako wote wa kienyeji. Kuku wa kigeni wengi wamesahau kuatamia. Bila koo wa kienyeji, nani atawaangulia?

Nanyi vijana wa shule, nawapa kazi. Chukueni mayai mawili yaliyotagwa siku moja na kuku wa nyumba moja. Moja liwekeni katika chungu cha baridi, la pili dirishani penye jua. Baada ya siku saba yavunjeni katika sahani mbili, mbele ya mama na baba. Yote mawili ni ya mbegu moja. Waacheni wazee wenyewe waseme ni nini kilichoyatenga.

Na yai lile jema msilitupe wala msiliuze. Lipikeni likaiva, mpeni mdogo wenu. Wako ambao hata leo humnyima mtoto yai, wakisema ya kuwa litamfanya mwizi au litamdhuru. Yai moja lina kiasi cha gramu sita za chakula kile kinachojenga mwili, na mtoto ndiye ajengaye mwili. Kabla ya kuhesabu mayai ya sokoni, hesabuni kwanza la mtoto.